Wajina Anayecheua

Mara ya kwanza baba mkwe wangu kumpakata mwanangu, alivaa koti lililokuwa limekaa kabatini miaka mingi likingoja siku ya maana. Mama mkwe alimtoa mtoto chumbani, akampeleka barazani ambako ndugu wa ukoo walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, akamweka mikononi mwa mzee. Mimi mzazi nilibaki ndani kama desturi ya nyumba ile ilivyotaka, lakini pazia lilikuwa na upenyo na jicho langu lilikuwa zima. Nilimwona mzee akimwinua mtoto mpaka nyuso zao zikakutana. Akatamka jina. Lilikuwa jina lake mwenyewe, lote kabisa, la Kipare na la ubatizo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Karibu, wajina."

Mwanangu alikuwa ametoka kunyonya muda uleule, ameshiba mpaka amelegea. Akafumbua kinywa, akamcheulia wajina wake maziwa yote kifuani.

Watu walivunjika mbavu. Mzee ndiye aliyecheka kuliko wote. Alikataa kufutwa. Alikaa na lile doa mpaka wageni walipoaga, akimwonyesha kila aliyechelewa kufika na kusema, "Nyumba hii ina chakula, bwana. Mnaona wenyewe." Mtu mmoja tu hakucheka, na nitamfikia.

Lazima niseme kwamba mimi si mtu wa huku juu. Nilizaliwa tambarare, kwenye mashamba ya mkonge, kwa baba aliyetoka Kigoma kuja kukata mkonge kwa muda mfupi na hakurudi tena kwao. Ushonaji nilijifunzia Same mjini, na hapohapo Same ndipo nilipompata mume wangu, fundi magari, Mpare wa Bombo, mtoto wa kiume pekee nyuma ya msururu wa dada. Wifi zangu walinionya mapema kwamba uzazi wa kwanza haulelewi mjini. Mzazi hupanda kwa mama mkwe, akalishwa, akapumzishwa, akafundishwa kushika mtoto. Basi nilipojifungua na kuruhusiwa kusafiri, mume wangu akanipakia kwenye gari, tukapita Kisiwani kwenye joto na vumbi, halafu tukaanza kupanda. Kila kona niliongeza nguo moja. Tulipofika Bombo nilikuwa nimevaa zote, na ukungu ulikuwa unaingia sebuleni bila kupiga hodi.

Mume wangu alirudi kwenye gereji yake, akawa anakuja mwisho wa wiki. Mimi nikabaki mikononi mwa mama mkwe, na mama mkwe alilea mzazi kama mtu anayeshindana na majirani. Asubuhi uji wa tangawizi, na ile tangawizi ilitoka shambani kwa mzee, kali mpaka masikio yanapata moto. Kabla uji haujashuka, supu. Mchana ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Jioni makande, na ole wako uache chembe. Nikisema nimeshiba, alinitazama kama niliyetukana. "Hujala wewe, umeonja. Anayekula sasa ni mume wangu, na mume wangu ana njaa." Mume wake alikuwa ni mtoto wangu. Tangu mtoto apewe jina la mzee, mama mkwe alikuwa na waume wawili, na yule mdogo ndiye aliyekuwa akipendelewa waziwazi.

Matokeo ya chakula chote hicho ni kwamba maziwa yalinijaa mpaka nikawa naogopa kucheka. Mtoto alikuwa akishika titi, anavuta mara chache, halafu maziwa yanatoka kwa kasi na kumziba pumzi. Anakohoa, anaachia, maziwa yanamrukia puani, analia kwa hasira, anarudi tena kwa pupa. Alirithi hasira zangu, sikatai. Alimeza maziwa na hewa pamoja, na muda si mrefu maziwa yakarudi yalikotoka. Alicheua akilazwa. Alicheua akiinuliwa. Alicheua akicheka, tena huku anaendelea kucheka, maziwa yakimtiririka kidevuni na macho yanang'aa kama mtu aliyefanya jambo la busara.

Nilikuwa na kazi ya mikono, kwa hiyo niliikabili kwa mkasi. Nilikata shuka kuukuu la mama mkwe nikashona vitambaa vya shingoni. Havikutosha. Nikashona vikubwa zaidi, mpaka mtoto akawa anaonekana kama mtu aliyeketi kwa kinyozi. Kamba ya nguo uani ilijaa vitambaa vyeupe, na kwa ukungu ule havikukauka hata kidogo, tukawa tunavikausha jikoni. Mwanangu alinukia moshi na maziwa. Nilimpenda mpaka nikajishangaa.

Na mzee alikuwa na raha yake. Hakuingia chumbani kwangu, kwa kuwa baba mkwe haingii anakonyonyesha mkwe wake. Alikuwa anakuja mpaka barazani, anakohoa ili tujue amefika, anakaa kwenye benchi na kuita, "Wajina yuko wapi?" Mama mkwe anamchukua mtoto kwangu, anavuka sebule, anampelekea. Mimi na mzee hatukupeana mtoto mkono kwa mkono. Katika nyumba ile mkwe alikuwa hagusani na baba mkwe hata kwa kumpa kikombe. Nilisikiliza kutoka ndani wanavyoongea. Mzee alimweleza mtoto habari za mvua, za mbolea, za bei ya tangawizi, akamwomba ushauri na kunyamaza kungoja jibu. Nyumba nzima ilimfahamu kama mtu asiye na maneno. Kumbe maneno alikuwa nayo, alikuwa hajapata mtu wa kumwambia.

Sasa nimfikie yule ambaye hakucheka. Ni dada mkubwa wa mzee, shangazi wa mume wangu, aliyeolewa ng'ambo ya bonde na ambaye alikuja kila Jumapili baada ya ibada. Bibi mkavu, mnyoofu, mwenye ulimi ulionolewa. Alimpenda mtoto kwa namna yake: alimkagua. Alimgeuza huku na huku, akambonyeza mapaja, akanusa kichwa. Kisha mtoto akacheua, na shangazi akanitazama mimi.

"Ni tangawizi hiyo," alisema mara ya kwanza. "Mama anakunywa moto, mtoto anapata nini?"

Mzee alikuwepo barazani. Tangawizi ndiyo iliyosomesha watoto wake wote. Siku iliyofuata uji wangu ulikuja mweupe, hauna ladha, na mama mkwe akauweka mezani bila kunitazama usoni. Mtoto aliendelea kucheua vilevile.

Jumapili iliyofuata shangazi alimwangalia mtoto anavyorudisha maziwa begani kwa mama mkwe. Kisha akasema, si kwa ukali, bali polepole, kama mtu anayetoa habari ambayo angependa asiwe nayo.

"Alianza lini? Si siku ile alipotamkiwa jina? Wazee wetu walikuwa wanajua. Mtoto akiwa hivi, analikataa jina."

Hii ni nyumba ya Kilutheri. Mzee mwenyewe ni mzee wa kanisa. Mama mkwe alisema harakaharaka kwamba mambo hayo yalishaachwa zamani, na kila mtu akakubali kwamba yalishaachwa, na kila mtu akayasikia vizuri kabisa. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona mzee akiangalia viatu vyake. Baadaye kidogo akainuka akasema anakwenda kutazama ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wameshatazamwa.

Kuanzia hapo kikohozi cha barazani kikapotea. Mzee alipita uani, aliuliza "Mtoto hajambo?" na kupita. Mtoto. Hakusema wajina. Mama mkwe akimpelekea, alikuwa anasema mikono yake ina udongo, au amevaa vibaya, au mvua inakuja. Mvua haikuja. Nilimwona jioni moja amekaa peke yake kwenye lile benchi, mikono magotini, na nikatamani kulia. Kwa sababu fikiria: umengoja jina lako lipate mtu wa kulibeba, ukamzika baba yako, ukaozesha mabinti, ukazeeka ukingoja, kisha mtu huyo anafika na unaambiwa hakutaki.

Mimi nikapandwa na hasira, na hasira zangu huwa zina miguu. Nilimwambia mama mkwe kwamba kesho tunakwenda zahanati. Nilitegemea anikatalie kwa kuwa mzazi bado alitakiwa awe ndani. Alijibu tu, "Vaa soksi."

Muuguzi wa zahanati alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alimvua mtoto nguo, akamweka kwenye mzani, akamgeuza, akamfinya shavu. Mtoto akamcheulia mkononi. Akafuta na kuendelea kama vile amesalimiwa.

"Anakojoa?"

"Nepi hazikauki," nikasema.

"Anacheka?"

"Hata sasa hivi."

"Yanayotoka ni ya kijani? Yana damu? Yanaruka mbali kwa nguvu kila anaponyonya?"

"Hapana. Yanamwagika tu."

"Homa? Analegea, anakataa kunyonya?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu, kwa fahari. "Huyu akatae kunyonya? Huyu?"

Muuguzi akacheka. "Basi mama, mkiyaona hayo niliyotaja, au mkiona haongezeki, mkimbie hapa siku hiyohiyo. Lakini huyu ananenepa vizuri sana. Mlilo nalo ni tatizo la kufua, si la kuugua."

Kisha akanieleza kwa mfano nilioupenda. Alisema pale chakula kinapoingilia tumboni pana kitu kama mdomo wa mfuko wa kamba. Kwa mtu mzima kamba imekaza, kwa mtoto mchanga bado imelegea, na ukiujaza mfuko halafu ukaulaza au ukaubana, kilichomo kinatoka. Mimi nimeshona mifuko ya kamba ya kutosha, sikuhitaji kuelezwa mara ya pili. Akanifundisha niegemee nyuma ninaponyonyesha ili maziwa yasimmwagikie, nimpe mapema kabla hajaanza kulia, nimpumzishe katikati abeue hewa. Akimaliza, ashikwe wima begani muda wa kutosha, asitikiswe, asifungwe mgongoni tumbo likiwa limebanwa na kanga. Alale chali kama kawaida, hata kama anacheua. Na asipewe kitu kingine chochote, si maji, si uji, si dawa ya dukani.

Mama mkwe akauliza kwa sauti ya chini, "Na tangawizi?"

"Ya nani, ya mama? Kwenye uji? Haina kesi."

Mama mkwe akashusha pumzi, nikajua uji wa kesho utakuwa mkali kupita kiasi.

"Ataacha lini?" nikauliza.

"Akianza kukaa mwenyewe wengi hupunguza. Akisimama utakuwa umeshasahau."

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa jambo langu. Ubatizo ulikuwa umekaribia, na mtoto wangu alikuwa hajajua hata kugeuka. Nilikwenda kutafuta dawa ya kumrudishia mzee jina lake, na nikapewa jibu la kweli, ambalo lilikuwa ni kungoja.

Hata hivyo tulifanya kama tulivyofundishwa. Nilirundika mito, nikajiegemeza kama bosi, na mtoto akanyonya kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona kwake. Kumshika wima ndiyo ilikuwa kazi. Mtoto mnene, muda mrefu, kila anaponyonya, na ananyonya kutwa. Mama mkwe ana jiko, ana kuku, ana mimi. Mabega yetu yalianza kuuma. Lakini kucheua kulipungua, si sana, ila kamba ya nguo ilianza kuonekana yenyewe katikati ya vitambaa.

Siku moja mama mkwe akawa anamenya ndizi kwa nguvu, anakata vipande visivyolingana. Nikamuuliza kuna nini. Akasema mzee amekwenda kwa mchungaji. Ameomba mtoto abatizwe kwa jina lingine, la babu wa zamani ambaye shangazi amemtaja. "Nimemwambia aongee kwanza na wewe na mwanae," alisema. "Akanijibu kwamba yeye jina lake ameshalitumia, linamtosha. Mtoto asiteseke kwa ajili yake."

Niliuma midomo. Nilikuwa nimedhani mzee amekasirika. Kumbe alikuwa anajiondoa taratibu, ili mjukuu apumue.

Nilimnyonyesha mtoto akashiba. Nikamfunika, nikavaa ndala, nikatoka naye. Mama mkwe aliniona nikikata kona ya njia ya shambani, mzazi asiyetakiwa kuonekana, akafunga mdomo wake na kuendelea na ndizi.

Shamba la tangawizi la mzee liko kwenye mteremko ambao mtu wa tambarare kama mimi anaupanda kwa mikono na miguu. Nilipiga moyo konde. Nilimkuta ameinama anapalilia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akainuka akashtuka. "Mbona umemleta mtoto kwenye baridi?"

"Nimekuja na shida. Nakuomba umshike."

Akatazama huku na huku kumtafuta mama mkwe. Hakuwepo. Tulikuwa mimi, yeye, na mtoto.

"Mikono yangu ina udongo."

"Na yeye ana maziwa, baba. Mtachafuana."

Nikamnyooshea mtoto mkono kwa mkono. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Mzee alisita, kisha akajifuta kwenye suruali akampokea. Nikamweleza alivyosema muuguzi, mfuko wa kamba na yote. Nikamwambia nyumba ina mabega manne yaliyochoka na mawili mapana ambayo hayana kazi. Nikamwonyesha: kifua kwenye kifua, kichwa begani, mkono mmoja chini, mwingine mgongoni, usimtikise. Akafuata kila neno kama anayeshika yai. Tukangoja. Ukungu ukapita, bonde likaonekana mpaka chini kabisa kwenye tambarare yetu kavu, likafunikwa tena.

Mtoto akabeua. Ilikuwa mbweu nzito, ya mtu mzima aliyemaliza soda ya baridi kwa mkupuo mmoja. Mzee akageuza shingo kumtazama.

"Ni huyu?"

"Ni huyo."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika kwa kicheko, nikamkumbusha kwamba hatakiwi kumtikisa. Tukangoja tena. Mtoto akacheua, tone dogo tu, likabaki kwenye kola. Mzee akalichungulia.

"Kidogo," alisema.

"Kidogo, baba."

Nikaona ndiyo nafasi yangu. "Nimesikia habari za kwa mchungaji. Nakuomba tusibadilishe jina."

Alimpapasa mtoto mgongoni. Kisha akasema, "Nikimwona anavyotapika nasema moyoni, labda jina ni zito."

"Si zito. Na hata lingekuwa zito, baba, huyu ni mnene. Atalibeba."

Alicheka, lakini akatikisa kichwa. "Ongea na dada. Mimi siwezi kumpinga. Ndiye aliyenilea mgongoni."

Nilishuka mteremko ule kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu, lakini nilishuka nikitabasamu, kwa sababu neno lake la mwisho lilikuwa limenipa wazo.

Jumapili shangazi alikuja na kikapu chake cha ndizi. Safari hii sikukaa nyuma ya pazia. Nilinyonyesha chumbani, nikatoka na mtoto, nikapita mbele ya wote mpaka kwenye benchi, nikampa mzee. Mkono kwa mkono. Shangazi alinyanyua nyusi zote mbili. Mume wangu, aliyekuwa amepanda jana yake na hajui lolote, aliacha kikombe hewani. Mzee akamweka mtoto begani kwa ustadi wa mtu aliyekuwa akijifunza kwa siri wiki nzima, na ndivyo ilivyokuwa.

Nikapiga magoti nikamsalimia shangazi, nikamkaribisha chai, nikauliza kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu. "Shangazi, baba alipokuwa mchanga, wewe ndiye uliyekuwa ukimbeba?"

"Nani mwingine? Mama alikuwa shambani. Mimi ndiye niliyekuwa mgongo wake."

"Na alikuwa anacheua?"

Mama mkwe, aliyekuwa akimenya ndizi pembeni, akasimamisha kisu. Shangazi alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Akamtazama mdogo wake, mzee mwenye mvi, akiwa na mtoto begani. Kitu kikaanza kumcheza pembeni ya mdomo. Alijaribu kukizuia, kikamshinda, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu? Huyu! Nilinuka maziwa yaliyochacha mwaka mzima! Wenzangu shuleni walikuwa hawataki kukaa dawati moja na mimi. Namfunga mgongoni, ananicheulia. Nabadilisha nguo, ananicheulia. Siku alipoanza kutembea, nilimshukuru Mungu kwa sauti!"

"Dada!" Mzee alikuwa ameduwaa. "Hukuwahi kuniambia."

"Nikuambie ufanye nini? Ungenifulia?"

Mume wangu alipaliwa na chai. Mama mkwe akasubiri vicheko vitulie, akasema huku ameshika ndizi mkononi, "Basi mume wangu hajakataa jina. Amelichukua pamoja na mizigo yake."

Shangazi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Uso wake ukabadilika, nikamwona kwa mara ya kwanza alivyo mzee. "Mimi sikusema kwa ubaya," alisema, na alinielekea mimi. "Nina wangu niliowazika wakiwa wadogo hivi. Mmoja alikuwa anatapika. Nikimwona huyu, moyo unanikimbia. Nilitaka tutafute sababu mapema."

Nilikuwa nimejiandaa kumpa kidonge chake siku hiyo, nilikuwa nimekitafuna tangu Jumapili ile. Nikakimeza mwenyewe. Nilimweleza taratibu aliyoyasema muuguzi, dalili za kuogopa na zisizo za kuogopa, na alisikiliza kila moja, akauliza tena ile ya damu, akauliza tena ile ya homa. Kisha akanyoosha mikono. "Nipeni. Wima, si ndiyo? Wima najua. Mgongoni ndiyo nilikosea."

Mambo hayakuisha siku ile, maana mfuko ulikuwa bado umelegea. Lakini kikohozi cha barazani kilirudi, mara kwa mara kuliko zamani, na nilikuwa nikiita kutoka chumbani, "Amemaliza, baba!" na mzee yupo tayari mlangoni kabla mama mkwe hajanawa mikono. Nilimshonea kitambaa cha bega, kipana, chenye pindo la bluu. Alikivaa nyumbani, akakivaa shambani, akakivaa dukani na kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Alipoulizwa ni cha nini, alijibu kwamba ni sare ya kazi. Mchungaji akaambiwa asahau aliyoambiwa.

Siku ya ubatizo kanisa lilijaa, kwa kuwa huku juu mtoto wa mtu mmoja ni shughuli ya kijiji kizima. Nilikuwa nimemshonea mwanangu gauni jeupe na vitambaa vya akiba ambavyo vilijaza mkoba. Shangazi ndiye aliyembeba mpaka mbele, wima, akitembea kwa mwendo wa mtu aliyebeba kitu cha ikulu. Mzee alikaa benchi la kwanza. Nilimwona akikunja na kukunjua vidole. Nilijua anaogopa, na nilijua anaogopa nini, kwa hiyo na mimi nikaanza kuogopa. Moyo ulinidunda mpaka nikahisi maziwa yanashuka.

Mchungaji alichota maji. Akamwinamia mtoto, akamtazama, na kwa sauti yake ya kujaza kanisa akamwita kwa jina, lote kabisa, la Kipare na la ubatizo.

"Naam!"

Mzee alikuwa amesimama. Ameitika kama mtu aliyeitwa na baba yake, mikono ubavuni, wima. Kicheko kikaanzia kwa wanakwaya kikaenea mpaka nyuma kabisa. Mchungaji naye alishindwa kujizuia.

"Kaa, mzee wangu," alisema. "Sikukuita wewe."

Mzee hakukaa. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadharani, na alikuwa anatabasamu.

"Najua, mchungaji," alijibu mbele ya kanisa lote. "Nimemwitikia mwenzangu. Yeye bado hajajua kusema."